Neno Lililokaa Chini ya Pampu

Mwenzangu alichunga ng'ombe kabla ya kujua kusoma. Alilitaja hilo siku moja tu, tukinywa chai ofisini Kitengela, alipokuwa akinieleza kwa nini hapendi viti vya ofisi vyenye magurudumu. Alisema mtu aliyekua akisimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo, hawezi kufikiri akiwa juu ya kitu kinachoteleza. Basi yeye aliketi kwenye kiti cha mbao alichonunua kwa fundi wa kando ya barabara, na mimi nikabaki na kile kinachoteleza, meza moja, tukitazamana juu ya kompyuta zetu.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Chini yetu walikata mabati kutwa nzima, na vumbi la saruji lilipanda ngazi likatulia kwenye vitabu, kwenye vikombe, kwenye nyusi zetu. Tulikuwa wawili tu. Kazi yetu ilikuwa programu ya visima.

Nieleze kidogo, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Katika sehemu kavu za Kajiado kuna visima virefu vilivyochimbwa na watu mbalimbali, hapa kanisa, pale kamati ya wanakijiji. Mradi uliotuajiri ulifunga kifaa kidogo katika kila kisima. Kifaa kilituma habari kwa mtandao wa simu: pampu inafanya kazi au la, tangi lina maji ya kina gani. Programu yetu ilizipokea habari hizo, na kila asubuhi ikawatumia wafugaji ujumbe mfupi. Kisima fulani, maji yapo. Kisima fulani, maji hakuna. Ni hilo tu. Lakini wakati wa kiangazi, mtu mwenye ng'ombe dhaifu na njia mbili mbele yake huamua maisha yake kwa ujumbe kama huo.

Habari za kisima zilikuja zimepakiwa kama vyombo ndani ya vyombo. Chombo kikubwa ni kisima chenyewe. Ndani yake mna pampu na mna tangi. Ndani ya pampu mna hali yake na umeme wake. Ndani ya tangi mna kina cha maji. Tulikuwa na kipande kimoja cha msimbo, maagizo tunayoiandikia kompyuta, cha kuchota habari hizo, tukakiita soma. Unakipa kisima, kisha maneno mawili: jina la chombo, na jina la kitu unachotaka humo ndani. Soma kisima, tangi, kina. Kinakujibu.

Ubaya wake ni kwamba maneno hayo mawili yalikuwa maneno matupu. Ungeweza kuandika soma kisima, pampu, kina, na hakuna ambaye angekukataza, ingawa ndani ya pampu hamna kitu kinachoitwa kina. Kingefungua pampu, kitafute, kikose, kisha kirudi mikono mitupu bila kusema neno.

Mwenzangu aliujua ubaya huo. Kwa kweli ni yeye aliyenifundisha dawa yake, iitwayo jeneriki. Mimi nilitoka chuoni nikijua kuandika programu zinazofanya kazi; yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuandika programu inayokataa kuandikwa vibaya. Siku moja alisimama kwenye ubao mweupe, akachora boma: ua wa miiba, nyumba ndani yake, vyumba ndani ya nyumba.

"Jeneriki ni hivi," aliniambia. "Saa hii hujui utaingia boma la nani. Hiyo ni sawa, liite T. Lakini ukishaingia boma la T, nyumba utafungua ni zile ziko ndani ya hiyo boma peke yake. Hiyo nyumba iite K. Na ukishaingia K, huwezi niambia unataka chumba cha nyumba ya jirani. Chumba iite J. J lazima itoke ndani ya K."

"Na nikikosea?"

"Hutafika mahali pa kukosea. Mkaguzi atakupigia mstari mwekundu ukiwa bado unaandika."

Mkaguzi tulimwita hivyo kama mtu, ile sehemu ya lugha yetu ya kompyuta inayosoma msimbo kabla haujaanza kufanya kazi. Nikamuuliza mwenzangu kwa nini basi soma hatujaiandika hivyo. Akafuta mikono kwenye suruali. Akasema itabidi tuguse kila mahali inapoitwa, na simu za kamati ya visima zimekuwa nyingi. Mvua zikinyesha tutapata nafasi.

Mvua zile hazikunyesha. Wala zilizopaswa kuzifuata. Kutoka dirisha la ofisi niliwaona ng'ombe wakipitishwa katikati ya Kitengela, kati ya maduka, wakila katoni na majani ya migomba yaliyotupwa na wauza ndizi. Wafugaji walikuja mjini kulisha mifugo kwenye nyasi za kandokando ya lami. Mwenzangu alikuwa akiteremka kuwasalimia. Akirudi, alikaa kwenye kiti chake cha mbao akatazama kompyuta kwa muda mrefu kabla ya kugusa chochote.

Mamake alikuwa na boma ng'ambo ya mji wa Kajiado, mbali na barabara. Mume alikuwa amefariki, na dada zake mwenzangu walikuwa wameolewa, mmoja yuko Kimuka. Mama alibaki na ng'ombe, na majirani waliomsaidia kuchunga. Nilikuwa nimemwona mara chache alipokuja kumtembelea mwanawe. Kila mara alinisalimia "Takwenya," nami nikajibu "Iko," na akacheka jinsi nilivyotamka, kwa maana mimi nimezaliwa katika familia iliyotoka Nyeri kuja kununua kiploti huku, na Kimaasai changu hakivuki salamu.

Siku moja ya kiangazi hicho mama alipiga simu kabla ya saa sita mchana. Hakuwa na desturi ya kupiga saa za kazi. Mwenzangu alisimama kwenda dirishani, akasikiliza. Nilishika neno moja moja: enkare, maji. Metii, hakuna. Alirudia metii kwa sauti ya kuuliza, na huku nikasikia sauti ya mama ikiendelea, nyembamba, bila kupanda wala kushuka.

Alipokata simu, alibaki ameishika.

"Wamefika kisima cha ng'ambo ya korongo," akasema. "Wote. Yeye na majirani. Ng'ombe zote. Tangi ni kavu."

"Si asubuhi tumetuma yapo?"

"Ndiyo nakuambia."

Nikakifungua kisima kile kwenye kompyuta yangu. Kilikuwa kijani. Maji yapo, tangi limejaa karibu na ukingo. Nilimgeuzia kioo aone. Aliangalia kwa muda mfupi tu.

"Twende," akasema.

Mwenye duka la chini alitupatia ufunguo wa pikapu yake bila kuuliza safari. Nadhani alimwona usoni. Tulishika barabara ya Namanga. Tulipita Isinya, mahema ya plastiki ya mashamba ya maua yakimeta juani, na baada ya hapo mizoga ikaanza, mmoja mmoja, kando ya nyua za waya. Kajiado mjini tulisimama kidogo kumtafuta mtu wa lori la maji. Tukampata, akasema ana safari nyingine kwanza, atakuja alasiri. Mwenzangu alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Mtu yule akaangalia pembeni, akasema atajaribu kuwahi.

Kutoka barabarani hadi kisimani ni mwendo wa mawe na vichaka. Tulivuka korongo, tukaona tangi kabla ya kuona kitu kingine, jeusi, refu, juu ya nguzo zake. Halafu tukaona chini yake.

Nilikuwa nimeona ng'ombe waliokufa, sote tulikuwa tumewaona mwaka huo. Nilikuwa sijaona ng'ombe wengi walio hai wakiwa wamelala namna hiyo. Walikuwa wamelala kuzunguka birika la saruji, vichwa vikielekea birikani. Baadhi walikuwa wameweka shingo juu ya ukingo. Birika lilikuwa na vumbi na kinyesi cha ndege. Hakuna aliyelia. Mimi nilidhani ng'ombe mwenye kiu hulia.

Wanaume wawili watatu walikuwa wamesimama na fimbo zao. Wengine, tuliambiwa, walikuwa wameondoka na wale wenye nguvu kujaribu kurudi walikotoka. Walikuwa wametoka kwenye bwawa lililobaki na tope na maji kidogo katikati. Yangewatosha kwa siku chache, wakiyagawana kwa subira. Waliyaacha kwa sababu ya ujumbe. Na waliuamini ujumbe, mzee mmoja akanieleza bila ukali wowote, kwa sababu ni kijana wa mama huyu ndiye anafanya hiyo simu ya maji. Mama alipoanza kuswaga ng'ombe zake, wakamfuata.

Mama mwenyewe alikuwa ameketi chini, amekiinua kichwa cha ndama jike na kukilaza mapajani. Mwenzangu alimwendea, akainamisha kichwa kama desturi yao ilivyo ili mkubwa akiguse. Mama akakigusa. Akanitazama mimi, akasema "Takwenya," nami nikajibu. Hakucheka.

Kisha akatoa simu yake kutoka kwenye shuka, akamwonyesha mwanawe ujumbe wa asubuhi. Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anamwonyesha kama mtu anavyomwonyesha fundi chombo kilichoharibika, ili ajue pa kuanzia.

Mwenzangu alikwenda kwenye kisanduku cha pampu, akakifungua. Kifaa kilikuwa kizima, taa yake ndogo inawaka. Akakaa kwenye kivuli cha tangi, akafungua kompyuta juu ya magoti. Nilikaa karibu naye. Kifaa kilikuwa kikituma habari sahihi. Siku nyingi kilikuwa kimesema tangi, kina, sifuri. Tulikuwa tukiipokea sifuri hiyo. Hatukuwa tukiisoma.

Aliipata baada ya muda usiozidi ule wa kunywa chai. Vifaa vya kwanza vilikuwa vikiweka kina chini ya pampu, kwa sababu kipimo kilifungwa kwenye kisanduku cha pampu. Vilipobadilishwa, kina kikahamia chini ya tangi, na yeye ndiye aliyepita msimbo mzima akirekebisha. Mahali pamoja, pa kisima hiki, palimponyoka. Palibaki pameandikwa pampu, kina. Soma ilikuwa ikifungua pampu ya kisima kile kila alfajiri, ikikosa kitu, na kurudi kimya. Na kwa kuwa mtandao wa huku hukatika mara kwa mara, tulikuwa tumekubaliana na kamati kwamba jibu likikosekana, programu irudie jibu la mwisho lililojulikana. Jibu la mwisho lililojulikana lilikuwa la kabla kifaa hakijabadilishwa. Siku hiyo tangi lilikuwa limejaa.

Tuliangalia mstari ule pamoja. Neno la herufi tano mahali pa jingine la herufi tano.

"Kuna vingine?" nikamuuliza.

"Sijui. Hiyo ndiyo mbaya. Sijui."

Akafunga kompyuta, akasimama, akarudi kwa mamake. Nilimfuata nusu ya njia nikasimama. Walizungumza Kimaasai mwanzoni, kisha yule mzee akasogea na wengine nyuma yake, na mwenzangu akahama kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu yangu, au labda kwa sababu jambo lenyewe alikuwa hajawahi kulisema kwa lugha ya mamake.

"Yeyo, si simu ilidanganya," akasema, akimwita mama kwa Kimaasai. "Ni mimi."

"Wewe ulikuwa Kitengela."

"Niliandika vibaya. Ile kitu inasoma tangi, niliiambia iangalie kwa pampu. Ikakosa. Ikawa inarudia ya zamani."

Mama alifikiri. "Ulikuwa umelewa?"

"Hapana."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana, yeyo."

"Sasa ulikuwa na nini?"

"Hakuna. Ni neno moja. Niliacha neno moja mahali si pake."

"Neno moja," mama akasema.

Alikitazama kichwa cha ndama mapajani mwake. Mzee alisema kitu kwa Kimaasai, kifupi, na wanaume wakatawanyika kurudi kwa ng'ombe wao. Mwenzangu aliinamisha kichwa tena. Safari hii mkono wa mama ulichelewa. Ulichelewa hata nikatazama chini. Nilipoinua macho, ulikuwa juu ya kichwa chake, lakini uso wake mama ulikuwa umeelekea kule korongoni.

Lori la maji lilifika alasiri. Walioweza kusimama walikunywa. Wanaume waliwazuia kwa fimbo wasinywe kwa pupa, lakini huwezi kumzuia kila mmoja, na wengine walikunywa wakajaa, wakatetemeka, wakaanguka palepale tukiwaangalia. Ndama wa mama hakuamka. Mwenzangu alivua shati la kazi akawasaidia wanaume kuchuna ngozi, kwa kuwa ngozi ndiyo iliyobaki ya kuokoa. Nilishika tochi ya simu jua lilipoanza kushuka nyuma ya vilima, mpaka akaniambia nirudi na pikapu ya watu, yeye atabaki.

Alirudi ofisini baada ya siku kadhaa, amenyoa kichwa. Nilikuwa tayari nimeurekebisha ule mstari. Alisema mstari si kitu. Alitaka tuiandike upya soma.

Jaribio la kwanza niliandika mimi, nikidhani nimekumbuka somo la ubaoni. Nilisema chombo lazima kiwe mojawapo ya vyombo vya kisima, na kitu lazima kiwe mojawapo ya vitu vinavyojulikana katika kisima chote. Tukarudisha kosa la zamani kwa makusudi, pampu, kina, ili tuone mstari mwekundu. Haukutokea. Mkaguzi alilipitisha kama alivyolipitisha tangu mwanzo.

Mwenzangu alisoma nilichoandika. Hakupandisha sauti. Tangu siku ile hakuwa akipandisha sauti kwa lolote.

"Umeuliza kama kina iko mahali popote kwa kisima," akasema. "Iko. Iko kwa tangi. Uliza kama iko ndani ya ile chombo ametaja."

Basi tukafunga J kwa K, na K kwa T. Kisima cha aina yoyote. Ufunguo wa kwanza utoke kwenye kisima hicho. Ufunguo wa pili utoke kwenye kile ambacho ufunguo wa kwanza umefungua, si kwingine. Ni mstari mmoja wa msimbo, si mrefu. Alipouhifadhi, kioo chake kikajaa mistari myekundu. Si pale tulipojua tu. Mahali pengine pawili palikuwa na kosa la namna ileile, katika visima ambavyo bado vilikuwa na maji, makosa yamelala tu yakisubiri kisima kikauke. Na kwingine mkaguzi alilalamika kwa sababu visima vingine havina tangi kabisa, pampu inamwaga moja kwa moja birikani, na huwezi kufungua chombo ambacho huenda hakipo. Hapo ikabidi tuseme wazi, kwa kila kisima, kama tangi lipo au halipo, na kama halipo tufanye nini.

Tulifanya kazi hiyo wiki nzima. Alikuwa akija asubuhi, anaandika, anakula viazi bila kuviangalia, anaandika. Aliondoa pia ile kanuni ya kurudia jibu la mwisho. Programu ikikosa jibu, ujumbe wa aina ya tatu ungekwenda kwa wafugaji: Hatujui.

Kamati ya visima ilituita Kajiado kueleza. Tulikaa kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti alikuwa mwanamume mpole aliyepoteza ng'ombe pia, mahali pengine, kwa kiangazi tu. Alisikiliza habari za jeneriki kwa heshima, mwenzangu akichora boma lake hewani kwa kidole. Tulipofika kwenye Hatujui, akaweka mikono magotini.

"Sasa mtu anaamka asubuhi na ng'ombe hamsini, simu inamwambia haijui," akasema. "Hiyo simu ni ya nini?"

"Ni ya ukweli, mzee," mwenzangu akasema.

"Ukweli huo hata mimi niko nao. Mimi pia sijui."

Watu wachache walicheka. Mwenzangu hakucheka. Kamati ilikubali mwishowe, kwa shingo upande. Kwa wiki nyingi mtandao ulikuwa mbovu, na visima vingi vilikwenda na Hatujui kila asubuhi. Wafugaji wengi walijitoa kwenye ujumbe. Mamake mwenzangu alikuwa wa kwanza. Alimpa simu mke wa jirani, akabaki bila.

Ng'ombe wa mama waliobaki walipelekwa kwa ndugu. Yeye alihamia Kimuka kwa binti yake. Mwenzangu alikuwa akienda kumwona kila Jumapili, na kila Jumatatu nilimuuliza hajambo, akajibu hajambo. Siku moja aliongeza kwamba mama amejifunza kufuga kuku, na kwamba hapendi kuku. Kisha akarudi kwenye kioo.

Aliacha kazi baada ya mvua kuja. Zilikuja zote kwa mpigo, zikajaza korongo, zikabeba mbuzi wachache waliokuwa wamepona. Hakuacha barua ndefu wala hasira. Alinionyesha kila mahali alipoandika na sababu yake, akahakikisha nimeelewa, akabeba kiti chake cha mbao kichwani akateremka ngazi. Nilitaka kumwambia kitu. Nilimwambia angalia hapo chini kuna mabati.

Nilimfuata Magadi mwaka uliofuata. Alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha magadi, nami nilikuwa nimetumwa na mradi kumwomba arudi. Joto la kule ni joto la kukandamiza, linakushika mabegani. Ziwa lilikuwa jekundu na jeupe, limetulia, halina mtu. Alinipokea katika nyumba ya kampuni, safi, ya chumba kimoja, akanitengenezea chai. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka kwa chumvi.

Nilimpa ujumbe niliotumwa. Nikamwambia soma bado iko vilevile alivyoiacha, na kwamba hakuna kisima kilichosomwa vibaya tangu hapo. Nilidhani atafurahi kidogo.

"Hiyo ni kazi ya mkaguzi," akasema. "Si yangu."

"Wewe ndiwe uliyemwekea sheria."

"Baadaye."

Tulikunywa chai. Feni ilizungusha joto lilelile. Nikamuuliza kama huku hachoki, kazi ya mikono, jua hili.

"Nachoka," akasema. "Lakini huku nikikosea naungua mimi. Naona palepale. Hakuna mtu yuko mbali ananifuata."

Kila ninapoandika kitu kitakachosomwa na mtu nisiyemwona, huwa naona kwamba alikuwa na haki, na huwa naendelea kuandika, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua. Sikumsihi tena. Nilimuuliza habari za mama. Akasema macho yanamsumbua, dada anampeleka hospitali ya Ngong. Akasema mwezi uliopita mama alimuuliza kama ameoa.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia bado. Akasema sawa."

Zamu yake ilikuwa inaanza. Alivaa buti, akafunga nyumba, tukatembea pamoja hadi lango la kiwanda, tukipita watoto waliokuwa wakicheza mpira kwenye uwanja wa changarawe. Langoni alinipa mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu na kikavu. Aliingia na wenzake, kofia zote rangi moja, na baada ya hatua chache sikuweza kumtambua. Nikarudi kwenye gari, nikangoja usukani upoe ndipo niushike.